Safari ya Rumphi, Walikotoka Akina Chawinga

Aghalabu mtu wa kwetu Tanga anayetaka kuiona dunia huelekeza uso wake baharini, kwani bahari ndiyo iliyotuletea wageni, nguo, elimu na habari tangu zama za mababu. Lakini safari hii niliipa bahari mgongo, nikapanda bara kwa njia ya Mbeya na Kyela, nikavuka mto Songwe na kuingia Malawi, kwa sababu ambayo baadhi ya jamaa zangu waliiona kuwa ni shani: nilitaka kuiona kwa macho yangu wilaya ya Rumphi, iliyowalea Tabitha na Temwa Chawinga, ndugu wawili wa kike ambao kwa kucheza kandanda wameitia nchi yao katika vinywa vya watu wa Ulaya, China na Marekani. Wapo wasafiri wanaokwenda kuzuru makaburi ya mashujaa waliokwisha pita. Mimi sikuona ubaya kwenda kuitazama nchi ya mashujaa walio hai, nipate kujua ni udongo gani na malezi gani yaliyowatoa, na ni kitu gani kilichokaribia kuwazuia.

Kwa msomaji ambaye habari hizi hazijamfikia, nitasema kwa ufupi. Tabitha, aliye mkubwa, alizaliwa mwaka 1996, akawa mwanamke wa kwanza wa Malawi kuchezea klabu ya Ulaya, na amepata kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya wanawake ya Uswidi, kisha ya Italia, kisha ya Ufaransa. Temwa, aliyezaliwa mwaka 1998, aliifuata njia ya dada yake, kisha akaipita mpaka Marekani, ambako alikuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi kwa miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025. Haya yametoka katika nchi ambayo haijapata kufika fainali za Kombe la Dunia, za wanaume wala za wanawake, na katika wilaya ambayo watu wengi huko kwetu hawawezi kuionyesha kwenye ramani.

Mto Songwe ni mpaka wa serikali zaidi kuliko kuwa mpaka wa watu. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husikilizana kwa lugha, huoana na kuzikana. Na katika soko la Karonga nilisikia Kiswahili kila nilipogeuka, nikaona ndizi, karanga na mchele uliopangwa kwa marundo, na mchele unaosifiwa kuliko mwingine wote huitwa Kilombero, kwa jina la lile bonde letu la Morogoro, ilhali unalimwa pale pale Karonga na wauzaji huutaja kwa fahari kuwa ni mali yao ya asili. Barabarani baiskeli ni nyingi kuliko magari: kijana hukupakia nyuma kwa ujira mdogo, nawe hukaa umeshika mzigo wako mapajani, na akina mama hupanda bila haya wala wasiwasi, wamejifunga vitenge vyao vizuri, wakizungumza na mwendesha baiskeli habari za mvua na bei ya samaki.

Lakini si kila kilichotoka upande wetu wa mashariki kiliingia Karonga kwa heri. Mzee mmoja niliyeketi naye chini ya mwembe alinitajia Mlozi, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejenga boma lake karibu na mji huo, akanunua na kuuza pembe na wanadamu, akawapiga Wangonde vita vya kikatili kuanzia mwaka 1887, hata Waingereza walipolivunja boma lake na kumnyonga mwezi wa Desemba 1895. Mzee yule alinisimulia pasipo chuki, kama mtu anayetaja mwaka wa njaa. Nami niliyesikiliza, ambaye lugha yangu ndiyo ile ile iliyosemwa ndani ya boma lile, nilijua kwamba msafiri hawezi kuipenda historia ya watu wake kwa kuchagua kurasa zilizo njema peke yake.

Kutoka Karonga njia hufuata ufuo wa Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wa huko huliita Ziwa Malawi, na upepo wa mwera ulikuwa umelichafua siku ile mawimbi yakapiga kwa kishindo kinachomkumbusha mtu wa pwani nyumbani kwake, isipokuwa hewa haina chumvi. Chilumba nilipata chakula kwa mama mmoja mwenye mgahawa wa makuti, akaniandalia kondowole, yaani sima ya muhogo, nyororo na nzito, ambayo huvutika mkononi na kumtaka mlaji awe na subira, pamoja na usipa, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wetu wa Kigoma na uono wetu wa pwani, waliokaushwa juani kisha wakaungwa kwa nyanya. Aliponiuliza kwetu, nikamwambia Tanzania, akacheka kwa sauti, akanitazama kama anayemtambua mdeni wake.

“Ninyi ndio mliotufunga, mama,” akasema, “mlialikwa kama wageni, mkala karamu, kisha mkaondoka na sinia.”

Alikuwa akisema habari za mwaka 2021, katika mashindano ya wanawake ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania ilialikwa, ikafika fainali, ikaifunga Malawi goli moja kwa sifuri na kutwaa kombe. Nikamwomba radhi kwa niaba ya Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, naye akanisamehe haraka, kwa kuwa mwaka 2023 wasichana wao walilichukua kombe hilo hilo kwa kuifunga Zambia magoli mawili kwa moja, na siku ile, aliniambia, wanaume waliokuwa wakila katika mgahawa wake waliacha sahani zao wakasimama kuizunguka redio. Nilimwuliza kama wanaume hao walikuwa na desturi ya kufuata mechi za wanawake hapo zamani. Akanijibu kwamba zamani hapakuwa na mtu wa kuzifuata, wala redio ya kuzitangaza, wala mama kama yeye aliyejua majina ya wachezaji. Na sasa mwanawe wa kiume, alipokata jezi yake ya kuchezea, aliandika mgongoni jina la Chawinga.

Baada ya Chitimba na Chiweta barabara huliacha ziwa ghafla na kupanda ukuta wa milima kwa mizunguko inayotia kizunguzungu, na kila upindapo kona maji huonekana mbali zaidi na rangi yake huwa ya samawati zaidi. Juu ya milima hiyo ndipo ilipo misheni ya Livingstonia, iliyojengwa Khondowe mwaka 1894 na Dakta Robert Laws wa Uskochi, ambayo vijana waliosoma humo walitawanyika wakawa walimu na makarani katika nchi nyingi za kusini na kati ya Afrika. Nilipolitazama genge lile nilifikiri kwamba watu wa kaskazini ya Malawi wana mazoea ya kale ya kumwona mtoto wao akiondoka na ujuzi wake kwenda kuutumia mbali. Kumwaga machozi ya kuagana wamekuzoea, na kungojea barua wamekuzoea. Lililokuwa geni kwao ni kwamba mwenye kuondoka awe msichana, na ujuzi wenyewe uwe miguuni.

Rumphi hufikiwa kwa kuiacha njia kuu na kupita katika korongo la Njakwa, ambamo mto Rukuru wa Kusini hujipenyeza kati ya vilima. Mji ni mdogo, una maduka ya upande huu na upande huu, soko, vituo vya mafuta, na nyuma yake nyanda za mahindi na tumbaku zinazoendelea mpaka chini ya milima ya Nyika, ambako hewa huwa ya baridi na ukungu hushuka asubuhi. Wakati ule mavuno ya tumbaku yalikuwa yamekwisha vunwa, na katika kila shamba palisimama mabanda ya miti na nyasi, majani yametundikwa humo safu juu ya safu, yakigeuka rangi kutoka kijani hadi hudhurungi. Kazi ya tumbaku ni kazi ya nyumba nzima, na niliona wasichana wadogo wakifunga majani kwenye vijiti kwa wepesi wa ajabu, kisha wakachukua ndoo wakaenda kisimani, kisha wakarudi wakawasha moto. Nikajua kwamba mtoto wa kike anayetaka kucheza mpira katika nchi hii hana budi kwanza kuiba saa kutoka katika siku ambayo kila saa yake ina mwenyewe.

Watumbuka, wenyeji wa Rumphi, ni watu wa adabu nyingi. Mtoto humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, mwanamke humpa mgeni maji ya kunawa huku amejishusha, na mazungumzo hayaanzi mpaka kila mmoja ameulizwa ameamkaje, nyumba yake imeamkaje na safari yake ilikuwaje. Desturi hizo zilinipa faraja, kwani sisi tulioleweshwa na haraka ya miji tumeanza kuona shikamoo ni mzigo. Huko Bolero, karibu na makao ya Chikulamayembe, mkuu wa Watumbuka, nilikaribishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mbeya katika ujana wake na ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado kizima. Wote walimwita agogo, yaani babu, nami nikamwita hivyo hivyo. Alinisimulia habari za Mlowoka, aliyevuka ziwa kutoka mashariki katika karne ya 18, amevaa mavazi ya watu wa pwani, akaleta majembe, shanga na nguo, akachukua pembe za ndovu, akaoa kwa wenyeji, akawavika wakuu wa vijiji vilemba vyeusi, na nasaba yake ndiyo iliyotoa ukoo wa utawala ambao mpaka leo husherehekewa kila mwaka katika sikukuu ya Gonapamuhanya. Basi katika nchi moja nilikuwa nimeonyeshwa wavukaji wawili waliotoka upande wetu, mmoja akikumbukwa kwa sherehe na mwingine kwa msiba, na tofauti yao ilikuwa katika kile walichowaachia wenyeji.

Nilipomwuliza agogo habari za akina Chawinga, alinyamaza kwanza, kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka nyumbani: “Sisi wazee tulisema mpira utawaharibu wasichana. Tulisema hivyo kwa sababu hatukuwa tumemwona hata mmoja aliyeucheza akabaki mtu.”

Tabitha mwenyewe amesimulia hadharani jinsi alivyoanza mpira akiwa mtoto mdogo, akicheza na wavulana kwa kuwa hapakuwa na timu ya wasichana, na jinsi wazazi wake walivyompinga mwanzoni. Wala sishangai, maana mzazi humkataza mtoto njia asiyoiona mwisho wake. Katika nchi hii mchezo wa wasichana ni netiboli, na Malawi imejipatia nemsi kubwa duniani kwa netiboli, hata jina la mfungaji wao Mwai Kumwenda hutajwa Australia kwa taadhima. Kwa hiyo msichana mwenye mbio na shabaha alikuwa na mlango wake uliokwisha kufunguliwa, na aliyeuacha mlango huo akaupiga mpira kwa mguu alionekana mtovu wa nidhamu. Na baya zaidi lilimkuta uwanjani. Amesimulia kwamba alipokuwa bado msichana mdogo, kwa jinsi alivyowazidi wenziwe nguvu na kasi, wapinzani walidai kuwa yeye ni mvulana, wakamvua nguo mbele ya watu ili kuhakikisha. Ninaiandika habari hii kwa sababu yeye ameisema kwa kinywa chake, na kwa sababu sioni namna ya kumsifu mtu kwa haki huku nikificha bei aliyolipa. Binti aliyefanyiwa dhila hiyo angaliweza kuuweka mpira chini asiuguse tena, na hakuna ambaye angalimlaumu.

Hakuuweka chini. Alikwenda Lilongwe, akachezea timu ya DD Sunshine, na mwaka 2014, akiwa na miaka 18, akapanda ndege kwenda Uswidi, katika klabu ndogo ya Krokom/Dvärsätts, kaskazini, ambako majira ya baridi mchana ni mfupi na theluji huufunika uwanja. Mwaka uliofuata alihamia Kvarnsveden, katika mji wa Borlänge, akaisaidia kupanda ligi kuu. Na mwaka 2017 alifanya jambo ambalo kwangu ni kipimo cha mshambuliaji wa kweli: alifunga magoli 26, akawa mfungaji bora wa ligi nzima, ilhali timu yake ilishuka daraja. Mshambuliaji wa timu kubwa huletewa mpira langoni. Mshambuliaji wa timu inayozama huufuata mwenyewe, huuchukua mbali, huwakimbiza mabeki peke yake, na akiukosa mmoja hajui kama atapata mwingine. Baadaye alicheza China, katika Jiangsu na Wuhan, kisha Inter ya Milano katika msimu wa 2022 hadi 2023, akafunga magoli 23 na kuwa mfungaji bora wa Italia. Msimu uliofuata Paris Saint-Germain, magoli 18, mfungaji bora wa Ufaransa na mchezaji bora wa ligi. Na kutoka hapo Lyon, klabu ambayo hakuna nyingine ya wanawake iliyotwaa ubingwa wa Ulaya mara nyingi kuliko hiyo. Na pamoja na kuzunguka kote huko amevaa kitambaa cha unahodha wa timu ya taifa, kwani wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Habari za Temwa ndizo zilizonifanya nielewe maana ya yote hayo. Yeye naye alipita Kvarnsveden, naye alipita Wuhan, kisha mwaka 2024 akajiunga na Kansas City Current, klabu iliyofungua mwaka ule ule uwanja uliojengwa mahususi kwa ajili ya timu ya wanawake. Na katika msimu wake wa kwanza akafunga magoli 20, akaivunja rekodi ya ligi hiyo, iliyokuwa magoli 18. Tazama jinsi vituo vya safari yake vilivyo vile vile vya dada yake. Alipofika Uswidi alikuta jina lake limekwisha julikana, na nyumbani alikoondoka aliacha wazazi waliokwisha kuona mwisho wa njia. Kipaji cha mdogo si haba kuliko cha mkubwa, na jasho lake ni lake. Lakini ruhusa, ambayo mkubwa aliinunua kwa fedheha na upweke, mdogo aliikuta imewekwa mezani.

Jioni moja nilikwenda kutazama mazoezi ya wasichana katika uwanja wa vumbi usio na nyasi wala nyavu, milingoti yake miti iliyochongwa kwa shoka. Walicheza kwa bidii, wengine pekupeku, wengine na kiatu kimoja walichogawana, na winga mmoja mwembamba aliwatoka mabeki kwa chenga za kasi hata wavulana waliokuwa wakingojea zamu yao ya uwanja wakasahau kunung’unika. Mazoezi yalipokwisha, msichana yule alikuja pale alipokuwa ameketi agogo, akapiga magoti yake yaliyojaa vumbi, akamwamkia kwa taratibu yote inayotakiwa, akamwuliza kama angependa maji, akaenda kuyaleta. Agogo aliyanywa, akamrudishia kikombe, akamwambia kwamba mguu wake wa kushoto ni mvivu, aufanyie kazi. Hapakuwa na sherehe yoyote katika maneno hayo, na ndiyo sababu yalinigusa: mzee aliyepata kusema mpira huharibu sasa anafundisha mguu wa kushoto.

Nilipokuwa nikirejea nilifikiri sana habari za kwetu. Hatuna sababu ya kujidharau: Twiga Stars wamecheza fainali za Afrika mwaka 2010 na tena mwaka 2025 kule Moroko, Simba Queens walifika nafasi ya 4 katika klabu bingwa ya wanawake ya Afrika mwaka 2022, na mchezaji wetu Opa Clement ameichezea kandanda yake Uturuki, China na Meksiko. Lakini katika mitaa yetu ya pwani ningali nasikia wazazi wakitaja stara na heshima kana kwamba ni vitu vinavyodondoka uwanjani, na nimesikia wasichana hodari wakiitwa majina yale yale ya kuwakana uanawake aliyoitwa Tabitha. Stara ni jambo jema, nami nimelelewa nalo na nalipenda. Walakini stara huwekwa na nguo inayofaa, mwalimu mwadilifu, muda wa mazoezi usioingia usiku na wazazi wanaokwenda kutazama, na yote hayo yamo katika uwezo wetu. Hofu ya wazee naiheshimu, kwani chanzo chake ni mapenzi. Dawa yake ni ile aliyoipata agogo, kuonyeshwa mmoja aliyecheza akabaki mtu, na mifano hiyo sasa tunayo.

Malawi imepata kwa mara ya kwanza nafasi ya kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake la 2026, na mtu anayeamini kwamba nafasi hiyo ililetwa na magoli peke yake hajaufikiri mwendo wote. Iliandaliwa na baba aliyebadili kauli, na mama wa Chilumba aliyefungua redio, na mzee wa Bolero aliyekiri kwamba alichokihofia hakikutokea. Na kabla ya wote hao, na msichana aliyekataa kuuacha mpira alipodhalilishwa. Tabitha alilipa bei ambayo hakuna mtoto anayestahili kulipishwa, na Temwa akalipa pungufu. Binti atakayefuata, awe wa Rumphi au wa Tanga, asidaiwe kitu isipokuwa jasho lake.